Posho ya Mwindaji: Lishe ya Ziada kwa Wadudu Walaji Vivungulioni

Mkulima wa waridi wa Naivasha anyunyiziaye dawa kila mara ili kuangamiza utitiri mwekundu hujikuta, baada ya muda, akikabiliana na utitiri usiosikia dawa. Hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wakulima wa huko kugeukia adui wa asili: utitiri mwingine, Phytoseiulus persimilis, ambao huuwinda utitiri mwekundu na kuufyonza. (Kisayansi utitiri si mdudu; una miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Hata hivyo, kwa Mswahili huo ni dudu tu.)

Swali ambalo aghalabu husahaulika ni hili: mwindaji atakula nini siku ambayo windo halipo? Phytoseiulus hana jibu. Akishaumaliza utitiri anaoula, hufa njaa au huhama, na mkulima hulazimika kununua kundi jingine. Kuna walaji wasiochagua sana. Amblyseius swirskii, alaye vithiripi vichanga na mayai ya inzi weupe, huweza kuishi na hata kuzaana kwa chavua pekee. Kwa hiyo huachiliwa kivungulioni kabla mharibifu hajaonekana, akapewa posho ya kumtunza.

Haja ya posho hutegemea mmea. Pilipili hoho huchanua mfululizo, na chavua yake humtosha mlaji. Waridi la kuuzwa nje, kinyume chake, hukatwa lingali tumba. Aina nyingi za matango ya vivungulioni nazo hutoa maua ya kike tu, yasiyo na chavua. Hapo hutumiwa chavua ya Typha, mmea wa majini unaofanana na matete, ambayo hupulizwa juu ya majani; kipimo cha kawaida ni kama gramu 500 kwa hekta kila baada ya majuma mawili. Kunguni walaji kama Orius hupewa mayai ya nondo wa unga, chakula bora ila ghali mno.

Ugumu uko hapa: vithiripi navyo hula chavua, na jike aliyeila hutaga mayai mengi zaidi. Je, mkulima hamnenepeshi adui? Fauka ya hayo, mlaji aliyeshiba hupunguza kuwinda. Mwaka wa 2002, van Rijn, van Houten na Sabelis walichapisha utafiti uliofanyiwa matango, wakaonyesha kwamba vithiripi vilipungua licha ya kuila chavua hiyo. Kila mlaji huenda aliua wachache, lakini walaji wenyewe waliongezeka mno. Typha nayo ina sifa ya pekee: chavua yake humfaa swirskii kuliko inavyovifaa vithiripi.

Faida hiyo, hata hivyo, haiji kwa siku moja. Walaji huhitaji majuma kadhaa kuzaana, ilhali chavua imwagwayo vithiripi vikiwa vimekwisha kujaa humkuta adui mezani kwanza.