Kibanda cha gemu Mpanda: Linda ngome kabla ya kufukuza adui

Mwaka 1955, Mjapani aitwaye Masaya Nakamura alianza biashara katika jiji la Yokohama akiwa na farasi wawili wa mashine, tena waliokwisha kutumika, aliowaweka juu ya paa la duka kubwa. Mtoto alilipiwa, akapanda, farasi akatikisika kwa muda mfupi, kisha akashuka ili mwingine apande. Biashara hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Namco. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa mashine wa kupigana kwa vifaru, Tank Battalion, na mwaka 1985 ikatoa mwendelezo wake, Battle City, unaochezwa nyumbani kwa televisheni.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Mlele au mwenye duka wa Mpanda mjini, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini mchezo huo wa vifaru ulisambaa sehemu nyingi za dunia kupitia kaseti za bei nafuu zenye michezo mingi, nyingi zikiwa za kuigiza, na ni jamaa wa karibu wa gemu zinazochezwa kwa malipo vibandani. Anayetaka kuweka fedha za mavuno katika kibanda cha gemu mkoani Katavi ana somo la kuchukua humo.

Bidhaa ni muda

Mashine za zamani zilikuwa na kanuni moja: sarafu inaingia, mchezo unazidi kuwa mgumu, mchezaji anashindwa, kisha anaongeza sarafu au anampisha mwenzake. Gemu ya nyumbani iliondoa kanuni hiyo, kwa kuwa mwenye nayo hulipa mara moja akacheza mpaka achoke. Mwenye kibanda amerudisha hesabu ileile ya sarafu kwa kupima dakika.

Kwa hiyo anachouza si gemu, ni muda wa kukaa mbele ya televisheni. Tofauti na mahindi, muda hauwekwi ghalani kusubiri bei nzuri. Saa moja ambayo benchi limekaa tupu, au umeme umekatika, imepotea moja kwa moja.

Ndiyo maana Battle City una faida kibiashara. Unachezwa na watu wawili kwa wakati mmoja, wakiwa upande mmoja dhidi ya vifaru 20 vya adui katika kila hatua. Televisheni ni ileile, umeme ni uleule, lakini walipaji ni wawili.

Hesabu ya misimu miwili

Tuseme mtu ana mtaji wa shilingi 900,000, akanunua televisheni mbili za mitumba, mashine mbili za gemu, pedi, mabenchi na betri ya akiba. Anatoza shilingi 200 kwa kila mchezaji kwa dakika 10. Televisheni moja ikiwa na wachezaji wawili kwa saa nne kwa siku, itaingiza shilingi 9,600. Mbili zitaingiza 19,200, na kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 499,200.

Tuseme pia kwamba pango, umeme, ujira wa kijana msimamizi, matengenezo, leseni na kodi vinachukua shilingi 300,000 kwa mwezi. Ziada ni shilingi 199,200. Wengi huishia hapa, wakaona wamepata.

Kosa ni kusahau kalenda ya Katavi. Mvua za mkoa huu ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Fedha za tumbaku, mahindi na mpunga huingia zaidi baada ya mavuno. Mkulima wa tumbaku aliyechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi hukatwa deni lake kwanza kwenye mauzo, na kinachobaki ndicho cha kumfikisha msimu mwingine. Kijana anayelipa shilingi 200 kibandani, mara nyingi anatoa senti ya shamba hilohilo.

Ikiwa miezi mitano ni ya neema na saba iliyobaki wateja wanapungua kwa nusu, mapato ya mwezi wa njaa yatakuwa shilingi 249,600. Matumizi hayashuki, hivyo kila mwezi kuna pengo la shilingi 50,400, na kwa miezi saba ni shilingi 352,800. Ziada ya miezi mitano ni shilingi 996,000. Ukitoa pengo, faida ya mwaka ni shilingi 643,200. Mtaji utarudi baada ya miezi kama 17, ikiwa hakuna televisheni iliyoungua.

Hii inamaanisha kwamba katika kila mwezi wa neema, kiasi cha shilingi 71,000 si faida. Ni chakula cha masika. Aliyekila Julai atauza televisheni Februari.

Ngome ni mtaji

Katika Battle City, chini ya kioo kuna ngome yenye alama ya tai, iliyozungushiwa ukuta wa matofali. Mchezaji anaweza kuwa na vifaru vya akiba na ameua adui wengi, lakini ngome ikipigwa, mchezo umekwisha. Zaidi ya hapo, hata risasi ya mchezaji mwenyewe ikiigonga, mambo ni yaleyale.

Biashara ndogo nyingi hufa kwa risasi ya namna hiyo. Mtaji haupigwi na mshindani wa mtaa wa pili, bali na mwenyewe anapochota droo kwa harusi, kwa mgonjwa au kwa kuongeza televisheni ya tatu kabla mbili hazijajilipa. Katika mchezo kuna zawadi ya sepetu inayogeuza matofali kuwa chuma kwa muda. Kwa mwenye kibanda, chuma ni daftari la kila siku, na akiba inayowekwa mbali na droo, benki au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Mpaka usiovukwa

Gemu ya vifaru haimlipi mshindi, na hapo ndipo inapotofautiana na mashine za kubahatisha. Hizo zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, zinahitaji leseni yake, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzicheza. Mwenye kibanda anayewaachia vijana wawekeane fedha kwenye benchi lake amebadili biashara bila leseni, na amehatarisha vyote alivyonunua.

Saa za masomo nazo zina gharama. Mtoto anayetoroka shule kwa shilingi 200 huleta mapato ya dakika 10 na lawama za mtaa mzima, na mtaa huohuo ndio soko. Kufunga mlango kwa watoto mpaka jioni kunapunguza kidogo mapato ya asubuhi, saa ambazo kwa kawaida hazina wateja wengi, lakini kunalinda jina la biashara.

Kwa mkulima, swali la mwisho ni hili: je, fedha za kibanda zimetoka kwenye ziada, au kwenye mbolea ya msimu ujao? Zikiwa za mbolea, shamba ndilo ngome, na haifai kuliacha wazi kwa ajili ya kufukuza vifaru.