WiFi ya lapi "imekufa"? Kabla ulipe fundi, bonga na kerneli

Umetoka tao na lapi ya mtumba, ukaweka Linux, kila kitu iko fiti. Shida ni moja tu, WiFi imegoma. Fundi anaicheki sekunde kumi, anakushow kadi imekufa na anataka doh ya ingine. Buda, usitoe hiyo doh bado.

Kadi ya WiFi ni redio ndogo, na programu zako haziruhusiwi kuishika moja kwa moja. Katikati kumekaa kerneli, roho ya mfumo mzima. Ni ka mathree tu: abiria hagusi usukani, anaambia konda, konda anagonga bodi, dere anasikia. Konda ni kerneli, dere ni draiva ya kadi.

Sasa bonga na konda. Fungua terminali uandike `rfkill list`. Itakuonyesha "Soft blocked" na "Hard blocked". Ka soft iko "yes", kuna programu ilizima redio. Andika `sudo rfkill unblock wifi`, imeisha hiyo. Lakini ka hard ndio iko "yes", hata uandike komandi mpaka asubuhi hakuna kitu itafanyika, juu hiyo ni swichi ya ukweli imezimwa. ThinkPad nyingi za kitambo ziko nayo pembeni, kadogo, rahisi kuguswa lapi ikiwa kwa begi. Isukume na kidole. Hebu fikiria ulikuwa unaenda kulipia kadi mpya juu ya kaswichi!

Ama WiFi iko lakini gemu inalag? Redio hulala vipindi vidogo vidogo ndio iokoe betri. Andika `iw dev` upate jina la kadi, tuseme ni wlp3s0, halafu `sudo iw dev wlp3s0 set power_save off`. Betri itaisha haraka kiasi, na ukizima lapi mara nyingi itabidi umeandika tena. (Ukipata maelezo ya `iwconfig` mahali, hiyo ni njia ya miaka ya 90. Siku hizi ni `iw`.)

Kuna wale hutaka kuongezea redio nguvu. Mnajijua. Kerneli iko na orodha ya sheria za kila nchi, na ikiwa limiti ni 20 dBm, yaani miliwati 100, kuitisha 30 ni kujisumbua. Na hata ikikubali, rauta yako haitaongea kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini cheki `iw reg get`. Ikisema US na rauta iko chaneli ya 12 ama 13, lapi inaweza kosa kuiona kabisa, juu kadi za Marekani kwa kawaida huishia 11. Jaribu `sudo iw reg set KE`. Kadi zingine, haswa za Intel, hubeba sheria zao ndani na zitakupuuza tu. Hapo ingia kwa rauta, uihamishe chaneli ya 1, 6 ama 11.