Mwenye Funguo Asimsahau Mahabusu

Quiterajo ni makao ya wavuvi na wakulima katika wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado, karibu na mahali Mto Messalo unapomwaga maji yake baharini. Upepo ukigeuka, mvuvi huvuta chombo pwani na mama hukusanya watoto. Asiyeweza kukimbia ni mmoja tu: yule aliyefungiwa mlango na askari.

Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo kwa dhoruba zilizopita kilometa 200 kwa saa. Macomia iliumia vibaya, na kipindupindu kikafuata jimboni. Majuma sita kabla ya hapo, Kimbunga Idai kilikuwa kimeivunja Beira. Vimbunga viwili vya nguvu hiyo katika msimu mmoja havikupata kuandikwa katika kumbukumbu za Msumbiji. Desemba 15, 2024, Kimbunga Chido nacho kikatua Mecúfi, kusini ya Pemba. Wataalamu wanatufahamisha kwamba bahari iliyopata joto hukiongezea kimbunga nguvu, na hewa yenye joto hubeba mvua nyingi zaidi.

Vita navyo viliingia jimboni humo Oktoba 5, 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa. Penye vita pana watuhumiwa. Je, bati likiezuliwa usiku, ni nani mwenye dhamana juu yao?

Jibu limekwisha andikwa. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inaagiza kwamba aliyezuiliwa kwa sababu ya vita vya ndani apewe chakula na maji kama raia wa mahali hapo, na akingwe na ukali wa hali ya hewa pamoja na hatari za mapigano. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 zinataka mfungwa apate nafasi, hewa, na maji ya kunywa kila ayahitajipo. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, ibara ya 66, inampa aliyezuiliwa isivyo halali haki ya kulalamika mahakamani, na mahakama iamue ndani ya siku 8.

Lakini barabara ikikatika na daftari likilowa, siku 8 huwa miezi. Hakimu hawezi kumwachia mtu ambaye hakuna ajuaye aliko.

Wako watakaouliza: kwa nini tumhurumie adui? Sisi hatuzungumzii huruma, twazungumzia nidhamu. Mtuhumiwa bado hajahukumiwa. Na akifa maji chumbani, ushahidi wake hufa naye, na wanakijiji hupoteza imani nasi.

Basi tujiandae kabla ya masika. Majina ya mahabusu yaandikwe katika nakala mbili, moja ihifadhiwe mbali na kituo. Maji safi yawekwe akiba. Mahali pa kuwahamishia pachaguliwe mapema. Zaidi ya yote, askari wa zamu asiondoke lindoni na funguo mfukoni.

Tulipomfungia mtu mlango, tulichukua miguu yake. Kimbunga kikija, ni juu yetu kumtembeza.