Nyumba ya Wageni Mtini, na Chumvi Inayoilisha

Wageni wanaofika Nyeri kwa nia ya kulala Treetops aghalabu huja na hikaya moja akilini, ya kwamba Elizabeth wa Uingereza alipanda ngazi ya nyumba ile tarehe 5 Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, na kesho yake akashuka akiwa malkia. Na hikaya hiyo ni ya kweli, maana Mfalme George wa Sita alifariki usiku ule ule huko Sandringham, ingawa binti yake hakupata habari mpaka alasiri, alipokuwa amekwisha kurudi Sagana, chini ya Mlima Kenya. Lakini mtu ambaye riziki yake ni kupima udongo na kuchungua misitu huitazama nyumba hiyo kwa jicho jingine. Naona ya kuwa jina lake limetokana na mti, na sifa yake imeletwa na malkia, ila uhai wake tangu siku ya kwanza umetoka katika chumvi. Na jambo hilo, ambalo wenyeji wa nyumba hulijua na wageni hawaliulizi, ndilo nipendalo kulieleza.

Mwenye kuianzisha alikuwa Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa hapo zamani katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti. Yeye na mkewe Bettie walifungua hoteli ya Outspan mwaka 1928, juu ya bonde la mto Chania, na mwaka 1932 wakajenga katika msitu wa Nyandarua kibanda cha vyumba viwili juu ya mugumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu kwa sala na sadaka karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufikiri kuutundikia kitanda. Mgeni hakwenda huko kwa hiari ya miguu yake. Alikula chakula cha mchana Outspan, akaacha mizigo yake mizito, akachukuliwa kwa gari mpaka ukingo wa msitu, kisha akaongozwa kwa miguu na mwindaji mwenye bunduki, akipita kando ya miti iliyopigiliwa ngazi ili apate pa kukimbilia iwapo nyati atatokea njiani. Waliolala humo walikuwa wazungu. Waliobeba maji, waliopika na waliotandika walikuwa watu wa Nyeri, ambao hawakuwa na haja ya kulipa ili waoneshwe ndovu, kwa kuwa ndovu walikuwa wakiwatembelea bure katika mashamba yao ya mahindi.

Kwa nini juu ya mti? Usalama ni sababu ya dhahiri, lakini si ya pekee. Mnyama wa msituni humjua binadamu kwa pua kabla ya kumjua kwa macho, na harufu ya mtu aliyeketi juu hupitishwa na hewa juu ya vichwa vya wanyama walio karibu na shina. Fauka ya hayo, hewa ya usiku katika nchi ya milima ina desturi yake: jua linapozama miinuko hupoa upesi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, hutiririka taratibu kuelekea mabondeni, hivi kwamba anayeujua mteremko hukisia harufu yake itakwenda wapi. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba milia wa India, ambaye alihamia Nyeri uzeeni na kuandamana na binti mfalme katika usiku ule wa 1952, alikuwa amekesha juu ya miti kwa namna hiyo miaka mingi kabla ya kuiona Kenya.

Hata hivyo, mti mrefu na upepo mwema havimleti mnyama; huzuia tu asikimbie akiisha kuja. Kinachomleta ni haja ya mwili. Majani na nyasi vina potasiamu tele na sodiamu haba, ilhali mwili wa mnyama hauwezi kuyapanga maji yake, wala neva zake kupeleka habari, pasipo sodiamu ya kutosha. Na jike anyonyeshaye huhitaji zaidi, maana huitoa kila siku katika maziwa. Simba na chui hawana taabu hiyo, kwa sababu huipata katika damu na nyama ya wale walioihangaikia. Basi msitu wa Nyandarua, pamoja na ubichi wake wote, ni nchi ya njaa ya chumvi. Mvua ya miinuko ya kusini-mashariki hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo, karne baada ya karne, yameiyeyusha sodiamu ya udongo na kuishusha mitoni. Ilhali bahari, ambayo pepo zake hunyunyiza chumvi katika nchi za pwani, iko mbali kwa mamia ya kilomita. Mbuzi wa Lamu huipata chumvi yake katika majani ya ufukweni pasipo kujua. Ndovu wa Nyandarua hana budi kusafiri kuitafuta.

Huipata mahali pachache, hasa penye chemchemi na matope ambako maji ya chini huleta juu madini ya miamba ya volkano, na mahali hapo hujulikana na wanyama wa kila namna, na vilevile wachungaji wa zamani waliopeleka mbuzi wao kulamba. Jinsi haja hiyo ilivyo na nguvu, atakaye kuamini na aende Mlima Elgon, kwenye pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kwa kupapasa na mkonga na kuchimbua mwamba kwa pembe zao ili waumeze. Walker alijenga mbele ya bwawa la aina hiyo, katika njia ya kale ya ndovu waliokuwa wakisafiri kati ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hakuwaita, alijiweka walipopita.

Baadaye ndipo walipoanza kuitwa. Wenye nyumba waliongeza chumvi ya dukani katika matope ya ukingoni, jioni, kabla ya wageni kumaliza chai yao, na desturi hiyo ikaenea katika nyumba za namna hii. Hufuata taa: mwanga wa kudumu, usiowaka na kuzimika, ambao wanyama huuzoea kama wauzoeavyo mwezi. Hufuata ukimya, maana sakafu ya mbao hutangaza kila hatua, na kiatu kigumu kimoja kinaweza kuwafukuza kuro na pongo waliokuwa wakisogea kwa saa nzima. Nyani peke yao hawajali kanuni hizi, na mgeni aachaye mkate barazani hujifunza habari zao mapema.

Sasa nieleze gharama. Mahali ambapo ndovu ishirini walipita na kwenda zao, chumvi ya kila siku huwafanya wakae. Na ndovu akaaye hula, na akila humenya magome, huvunja matawi na kuangusha miti, huku nyati wakikanyaga miche yote iliyotaka kurithi nafasi. Msitu mzito uliokuwa umelizunguka bwawa la Treetops uligeuka hatua kwa hatua kuwa uwanda wa majani mafupi na vigogo vikavu. Watalii walifurahi, kwa kuwa walipata kuona mbali. Ila bongo, yule paa mwekundu mwenye mistari ambaye uhai wake ni kivuli, hana sababu ya kutoka mchana kweupe kuvuka kiwanja kitupu. Nyumba iliyojengwa ili watu wauone msitu ikausogeza msitu mbali nayo, na kwa hukumu yangu hilo ni kosa kubwa zaidi kuliko moto.

Moto nao ulikuja. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, nyumba ile ikatumiwa na askari kuwa mahali pa kuchungulia wapiganaji wa Mau Mau, na mwezi Mei 1954 wapiganaji wakaiteketeza pamoja na mugumo wake. Kwa hiyo atafutaye chumba alicholala Elizabeth atafute majivu. Nyumba ya sasa ilijengwa 1957 ng'ambo ya pili ya bwawa, juu ya nguzo nyingi, kubwa kupita ile ya kwanza mara nyingi. Nayo ni hoteli juu ya nguzo zaidi kuliko nyumba juu ya mti.

Ile njia ya kale ya ndovu haipo tena. Mashamba, barabara na miji ya Nyeri, Mweiga na Kiganjo imeujaza uwanda wa kati, na kuanzia 1989 hadi 2009 shirika la Rhino Ark pamoja na serikali na wakulima walizungusha ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400, hivi kwamba Nyandarua leo ni kisiwa kamili ambacho bahari yake ni chai, viazi na mahindi. Wakulima wengi niliowasikia huushukuru ua huo kwa dhati, nami sina neno la kuwajibu, maana aliyelinda shamba usiku kwa debe na mwenge ana haki ya kulala. Lakini ndovu wa kisiwani hana pa kwenda msitu ukichoka, na chumvi inayomwagwa mahali pamoja humzuia hata kukitembelea kisiwa chenyewe sawasawa. Upande wa Mlima Kenya mambo yana afadhali kidogo: tangu 2011 ndovu hupita chini ya barabara ya Nanyuki na Meru, karibu na Timau, kwenda na kurudi katika msitu wa Ngare Ndare.

Msomaji atakaye kulala katika nyumba za namna hii ana hiari zaidi ya moja. The Ark, iliyofunguliwa 1969 kwa umbo la safina ya Nuhu, iko juu zaidi msituni, na humo kengele hulia usiku kwa idadi inayomjulisha mgeni ni mnyama gani aliyefika, ili aamue kutoka kitandani au kumsamehe. Na katika msitu wa Mlima Kenya iko Mountain Lodge, yenye njia ya chini kwa chini impelekayo mgeni karibu na maji, usawa wa miguu ya nyati. Aepuke mwezi wa Julai, wakati wa gathano, yaani majira ya baridi kwa Kikuyu, ambapo ukungu huweza kuifunika taa yenyewe. Achague miezi ya ukame, maji ya msituni yapunguapo. Achukue sweta nzito, kwa sababu ni nchi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Na kabla ya kupewa ufunguo amwulize mwenye zamu chumvi imewekwa upande gani jioni hiyo, aombe chumba cha upande huo.