Mahakama na serikali nchini Uganda: Nguvu zao zinaishia wapi?

Uganda si nchi ya shirikisho. Haina mahakama za majimbo na za taifa zinazogawana kazi, kama ilivyo Marekani au Ethiopia. Kuanzia kingo za mto Nabuyonga mjini Mbale hadi Jinja, mwananchi yuko chini ya mfumo mmoja: mahakama za mahakimu, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na, kileleni, Mahakama ya Juu.

Ibara ya 128 ya Katiba ya 1995 inakataza mtu au chombo chochote kuziingilia mahakama katika kazi ya kutoa haki. Nayo ibara ya 137 inamruhusu yeyote anayeona kuwa sheria fulani inakiuka Katiba kufungua shauri mbele ya majaji watano wa Mahakama ya Rufaa, wanaoketi kama Mahakama ya Katiba.

Ndivyo alivyofanya Michael Kabaziguruka, raia aliyekuwa mbunge wa Nakawa, aliposhtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 2016. Alishinda mwaka 2021, serikali ikakata rufaa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, ikaamuru kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida.

Rais Yoweri Museveni aliupinga uamuzi huo hadharani. Mwezi Mei Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu tena raia kushtakiwa jeshini katika mazingira maalumu, na Juni Rais akaitia saini.

Hapo ndipo ilipo mipaka ya mahakama. Hazina jeshi wala fedha za kulazimisha. Silaha yao ni hukumu, na hukumu huishi kwa kutiiwa. Hata hivyo, ibara ya 92 inalizuia Bunge kutunga sheria ya kutengua hukumu iliyokwisha kutolewa baina ya wahusika, na sheria mpya nayo yaweza kupingwa katika mahakama zile zile.

Msikilizaji wetu wa Mbale au Jinja ana kinga nyingine iliyo karibu naye zaidi. Kwa mujibu wa ibara ya 28, mshtakiwa hana budi kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kupewa mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Ukisimama kizimbani na Kiswahili ndicho unachokielewa, omba mkalimani: ni haki yako, si hisani ya hakimu.