Karatasi Kuukuu za Nyimbo za Watoto

Iko mali ambayo mwizi huipita na panya huitafuna. Ni karatasi za nyimbo walizotungiwa watoto wa Ulaya zamani, zenye noti ndani na picha juu ya jalada. Hata leo wako watu wazitafutao kwa bidii katika maduka ya vitabu vikuukuu. Wazitafutia nini?

Kwanza, ustadi wa picha. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Ujerumani, Alois Senefelder alivumbua ufundi wa kuchapa kwa jiwe, na muziki ulikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Baadaye ziliongezwa rangi. Mwaka wa 1883, huko Paris, Maurice Boutet de Monvel alizipamba nyimbo za kale za watoto, naye Charles-Marie Widor akaziandikia sauti nyepesi za kinanda.

Pili, upendo uliomo. Mwaka wa 1848 Robert Schumann alimtungia binti yake Marie vipande vichache, alipotimiza miaka 7. Navyo vikazaa kitabu kizima cha vijana, ambacho jalada lake lilichorwa na Ludwig Richter. Mwaka wa 1908 Claude Debussy alimtolea binti yake mdogo Children's Corner, na jalada alilichora mwenyewe. Baba alikufa mwaka wa 1918, na binti mwaka uliofuata, akiwa na miaka 13. Karatasi imebaki.

Lakini jalada hilo lina jambo la kutuuma. Limechorwa kichwa cha Golliwogg, mwanasesere mweusi aliyebuniwa na Florence Upton katika kitabu cha mwaka 1895. Sura yake yafanana na ya Wazungu waliojipaka masizi jukwaani ili kuwacheka watu Weusi. Je, tuichome karatasi hiyo? La, kwa maana tukiichoma tumeuondoa ushahidi. Afadhali ihifadhiwe, na mtoto aambiwe waziwazi: «Hii ni dhihaka, siyo sura yako.» Kumwonyesha bila kumweleza ni kumtukana mara ya pili.

Mwenye kutaka kuhifadhi na azingatie haya. Karatasi nyingi za tangu nusu ya pili ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa mbao, nazo zina asidi. Hugeuka manjano, zikavunjika. Basi zilazwe katika bahasha zisizo na asidi, mbali na jua na unyevu, wala zisibandikwe utepe wa gundi. Jalada lisitengwe na noti zake. Tena itazamwe nambari ndogo chini ya kurasa: ni ya bamba la mchapaji, na mara nyingi husaidia kutambua mwaka wa chapa.

Mwisho, enyi wazazi na walimu, karatasi iliyofungiwa sandukuni haimfai mtoto. Itoeni, imbeni naye, mjibuni maswali yake.