Tuwafundishe Vijana Jinsi Kompyuta Inavyoamka

Wahenga walinena kwamba siku njema huonekana asubuhi. Kompyuta nayo ina asubuhi yake: ile dakika moja au mbili baina ya kubonyeza swichi na kuanza kazi. Wengi wetu hukipuuza kipindi hicho, ilhali ndicho huamua kama mashine itakuwa mtumishi mwema au mzigo.

Mtaani Kawangware, kompyuta za nyumbani aghalabu ni mitumba. Mwanafunzi huiwasha yake na kusubiri hadi chai ikapoa, kisha mzazi huambiwa kuwa mashine imezeeka, hana budi kununua nyingine. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi ugonjwa si uzee. Ni msururu wa programu zinazojianzisha zenyewe kabla mwenye mashine hajafungua hata ukurasa mmoja. Matatu ikipakia mizigo ya kila mpita njia kabla ya kuondoka stendi, dereva atalaumiwaje kwa kuchelewa?

Umeme unapoingia, programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha huuita mfumo endeshi kutoka kwenye diski. Mfumo huo nao hutekeleza orodha ya amri za mwanzo. Enzi za MS-DOS, orodha hiyo ilikuwa faili ya maandishi matupu iliyoitwa AUTOEXEC.BAT. Hata mtoto wa shule aliweza kuisoma mstari kwa mstari na kuirekebisha. Baada ya Windows 95 kutolewa Agosti 1995, amri hizo zilitawanywa katika pembe nyingi zaidi. Urahisi uliongezeka, uwazi ukapungua.

Na penye giza ndipo mwizi hujibanza. Virusi vya Brain, vilivyotungwa mjini Lahore, Pakistan, mwaka wa 1986, vilikaa katika sehemu ya diski inayosomwa kwanza. Ndivyo vilivyofanya pia vya Michelangelo, vilivyotisha ulimwengu Machi 6, 1992. Siku hizi programu za kunasa nywila hutumia hila iyo hiyo: huamka pamoja na mashine na kunyamaza kimya. Kijana anayeomba mkopo wa HELB au nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kwa kompyuta inayotumiwa na wengi, aweza kuporwa akaunti yake asitambue. Kikulacho ki nguoni mwako.

Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka wa 2016, na mwaka wa 2022 taasisi ya KICD ikaidhinisha mafunzo ya usimbaji shuleni. Hatua hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, kumfunza mtoto kubofya picha bila kumwonyesha kinachoitangulia ni kumsomesha kitabu kuanzia sura ya pili.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji fedha. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, orodha ya programu zinazojianzisha hupatikana katika Task Manager. Kila mwanafunzi na anakili majina yaliyomo, achunguze kazi ya kila programu, kisha azime isiyohitajika. Asiiguse kinga ya virusi, wala asizime asichokifahamu. Baadaye aandike faili yake mwenyewe, ya mistari miwili au mitatu, inayonakili madaftari yake kwenye diski ndogo ya mkononi kila mashine iwakapo. Diski ya mtumba ikifa ghafla, jasho lake halitapotea lote.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi. Sikubaliani nao. Fundi huitwa mlango unapovunjika. Kumjua anayeingia nyumbani kila alfajiri ni wajibu wa mwenye nyumba. Mwanafunzi wa Kawangware asiye na uwezo wa kununua mashine mpya ndiye anayehitaji maarifa haya kuliko wote, na darasani ndipo pa kuyapata.